Picha Namba 214 Ni ya Galaksi Gani?

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba, binti. Karibu ukae. Hebu niambie, hii picha namba 214 ni ya galaksi gani?"

Sikuwa na jibu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizokusanya: upau mnene katikati, mikono miwili imejikunja kutoka kwenye ncha za upau, na pembeni kulia nyota mbili nyekundu zimesimama karibu karibu. Faili lenyewe nililiita galaksi_214.jpg. Zaidi ya hapo sikujua iko upande gani wa anga, iko umbali gani, wala niliitoa kwenye orodha ipi. Msimamizi wangu hakunigombeza. Aliisogeza laptopu yangu upande wangu taratibu, akasema, "Basi hizi bado si data, binti. Ni picha tu." Kwenye daladala ya kurudi Sinza nilikaa kiti cha nyuma, nikageukia dirishani ili watu wasione machozi. Nilikuwa na picha 5,000 za namna hiyo na miezi minne ya kazi.

Naandika haya kwa yeyote anayejiandaa kufanya utafiti kwa picha za anga akiwa na laptopu moja, bando la kununua mwenyewe na umeme usioaminika. Kazi hii inawezekana kabisa. Ila yapo mambo ambayo laiti ningeambiwa siku ya kwanza, yangeniokolea muhula mzima.

Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu galaksi zenye mikono iliyojikunja, hasa zile zenye upau, yaani mstari mnene wa nyota unaopita katikati. Nilitaka kujua kama galaksi zenye upau ni nyekundu kuliko zisizo nao. Kwa swali hilo huhitaji kumiliki darubini. Kuna sensa ya anga iitwayo Sloan Digital Sky Survey, ambayo wengi tunaiita SDSS, iliyofanywa kwa darubini ya mita 2.5 iliyoko Apache Point, jimbo la New Mexico, Marekani. Ilianza mwaka 2000. Kamera yake ilikuwa na vihisi 30 vilivyopangwa safu 6, kila safu vihisi 5, na kila kihisi kikiwa nyuma ya kichujio chake cha rangi: u, g, r, i na z. Kamera haikupiga picha moja moja. Anga lilipita mbele yake kama kitambaa kinavyopita chini ya sindano ya cherehani, na kila nyota ikavuka vichujio vyote vitano. Hadi kazi ya picha ilipofungwa mwaka 2009, ilikuwa imefunika digrii za mraba 14,555, zaidi kidogo ya theluthi ya anga lote. Na yote hayo yako wazi. Mtu yeyote, popote alipo, anaruhusiwa kuyachukua bila kulipa senti. Mimi hilo bado linanigusa kila nikilifikiria.

Kosa langu la kwanza lilikuwa tamaa. Niliposikia kila kitu ni bure nikaamua kuchukua fremu nzima nzima, yaani vile vipande vikubwa ambavyo SDSS imegawa picha zake. Fremu moja ya SDSS ina pikseli 2,048 kwa 1,489, na inafunika kipande cha anga chenye upana usiofika nusu ya mwezi mpevu. Galaksi niliyoitaka ilikuwa inachukua pikseli mia hivi tu humo ndani. Ni kama kununua gunia la mchele kila unapohitaji kikombe kimoja. Hesabu sikuipiga kabla ya kuanza, nikaja kuipiga nimeshaumia: galaksi 5,000, vichujio vitatu kwa kila moja, ni faili 15,000. Faili moja likiwa limebanwa lina kama megabaiti 3, kwa hiyo gigabaiti 45 hivi. Ukilifungua linafika megabaiti 12, na jumla inapita gigabaiti 180. Laptopu yangu ilikuwa na nafasi ya gigabaiti 120.

Nilipakua usiku, wakati bando ni nafuu. Umeme ukikatika, ruta inazima, faili linabaki nusu. Faili nusu lililobanwa halifunguki, lakini kwenye folda linaonekana zima kama wenzake, na mimi sikuwa na utaratibu wa kuyakagua. Nilitumia zaidi ya shilingi 60,000 kabla sijagundua kwamba sehemu ya nilichonunua hakisomeki. Ukilazimika kupakua faili kubwa, tumia programu inayoweza kuendelea pale ilipoishia, na kila asubuhi jaribu kufungua kila faili lililoingia usiku. Likigoma, lifute siku hiyo hiyo na uliandike kwenye orodha ya kurudiwa.

Kumbe njia nyepesi ilikuwepo. Tovuti ya data ya SDSS, iitwayo SkyServer, ina huduma ya kukata vipande: unaipa viwianishi vya angani, yaani RA na Dec, unaipa kipimo cha kila pikseli na upana unaoutaka, nayo inakuletea JPEG ya kipande hicho tu, hata kama galaksi imeangukia kwenye mpaka wa fremu mbili. Kipande kimoja kilinigharimu kama kilobaiti 25. Galaksi zote 5,000 zikaingia kwenye megabaiti 125 hivi. Nililia mara ya kwanza kwa furaha. Nikaandika skripti fupi ya Python, nikaiacha ikichukua picha moja baada ya nyingine na kupumzika sekunde moja kila mara, maana seva ile tunaigawana watu wa dunia nzima.

Hapo ndipo nilipofanya kosa lililozaa swali la picha namba 214. Skripti yangu ilizipa picha majina kwa kufuata mstari wa orodha: galaksi_1, galaksi_2, na kuendelea. Orodha yenye RA na Dec niliifuta nikidhani imemaliza kazi. Halafu picha zenyewe nikazikata kingo na kuzipunguza ili zienee kwenye wasilisho, za awali nazo nikazifuta ili nipate nafasi. Kwenye daftari nikaandika kwa mkono maelezo ya picha 1,100, urefu wa upau, idadi ya mikono, kila moja kwa namba yangu ya kubuni.

Baada ya siku ile ya ofisini niliituma tena kwenye kanzidata ya SDSS amri ileile ya SQL (lugha ya kuiuliza kanzidata maswali) iliyonipa orodha ya kwanza, nikiamini mstari wa 214 utakuwa uleule. Haukuwa. Kanzidata haina deni la kukupa mistari kwa mpangilio wowote kama hujaiamuru kwa maneno ORDER BY. Leo inaanza na hii, kesho na ile. Kwa hiyo namba ya mstari haiwezi kuwa jina la kitu. Zile fremu kubwa niliweza kuziokoa, kwa sababu ni faili za FITS, aina ambayo wanaanga huhifadhia picha, na FITS hubeba maelezo kwenye kichwa cha faili: fungua tu utakuta namba ya mpito (mara moja ya kamera kupitia ukanda wa anga), safu ya kamera, namba ya fremu, kichujio, na viwianishi. Hata ukilibadilisha jina, faili bado linajijua. JPEG haikubeba chochote.

Nilikuwa na tumaini moja limebaki. Mwanzoni kabisa nilihifadhi orodha ya namba za utambulisho, zile SDSS inazoziita objID, kwenye programu ya kawaida ya majedwali. Nikaifungua, nikazipeleka namba zile kwenye kanzidata, nikasubiri. Jibu likaja tupu. Hakuna hata moja.

Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu sijawahi kuona mtu akilieleza hili taratibu. objID ni namba yenye tarakimu 19. Chukua mfano huu: 1237648720693755918. Inaonekana kama imetolewa tu kwa bahati, lakini ni anwani kamili. Ukiigawa kwa njia ya kompyuta, biti kwa biti, unapata toleo la uchakataji 301, mpito wa 756, safu ya kamera ya 2, fremu ya 427, na kitu cha 14 ndani ya fremu hiyo. Maana yake, mwenye namba hii anaweza kwenda moja kwa moja kwenye hifadhi na kuchukua faili linaloitwa frame-r-000756-2-0427.fits.bz2, bila kuuliza mtu.

Sasa, programu za majedwali hushika tarakimu 15 tu. Zilizobaki zinageuzwa sifuri, kimya kimya, bila onyo. Namba ile ikawa 1237648720693750000. Kwa macho ni ileile, tena kwenye skrini inaandikwa kwa kifupi usione mwisho wake kabisa. Lakini isome tena kama anwani: fremu ya 427 imekuwa 426, na kitu cha 14 kimekuwa cha 59,632, namba ambayo fremu moja haifikii hata kwa mbali. Tarakimu nne za mwisho zimekuhamisha mtaa na kukupeleka kwenye nyumba isiyokuwepo. Namba zangu zote 5,000 zilikuwa zimeharibika hivyo. Nilizitazama mpaka saa nane usiku nikijaribu kujishawishi kwamba kuna namna ya kuzirudisha. Haipo.

Tangu siku hiyo objID kwangu ni maandishi, si namba. Safuwima yake naitangaza kuwa maandishi kabla faili halijafunguliwa, na kwenye Python naisoma kama maandishi au kama namba kamili ya biti 64, kamwe si desimali. Na silifungui faili mama kwa kubofya mara mbili. Nikitaka kulitazama, natazama nakala.

Lipo na jambo la matoleo. SDSS hutoa data yake kwa awamu, na namba za vitu zilibadilika kati ya toleo la saba na la nane. Mimi nilichukua kura za upau kutoka Galaxy Zoo, mradi ulioanza mwaka 2007 ambamo watu wa kawaida waliangalia picha za SDSS na kusema wanaona umbo gani. Awamu yake ya pili ina galaksi 304,122, na bila watu hao kazi yangu isingekuwepo. Mmoja wa watu wa Galaxy Zoo, Hanny van Arkel, aliyegundua wingu la ajabu la gesi inayong'aa karibu na galaksi IC 2497, alikuwa mwalimu wa shule nchini Uholanzi. Basi, jedwali nililopewa na mwenzangu lilikuwa na namba za toleo la saba, zinazoanza na 587 au 588. Zangu zilianza na 12376. Nikajaribu kuyaunganisha kwa namba, nikapata sifuri, nikapoteza wiki nikidhani nimekosea SQL. Ndani ya kanzidata yenyewe mlikuwa na jedwali la zoo2MainSpecz lenye namba za matoleo yote mawili ubavu kwa ubavu. Ukikosa jedwali la namna hiyo, linganisha kwa mahali: galaksi haihami, kwa hiyo vitu viwili vilivyo ndani ya sekunde moja au mbili za tao (sekunde ya tao ni digrii moja ukiigawa mara 3,600) kwa kawaida ni kimoja.

Mengine nitayapitia haraka. Usiulize kanzidata ikupe safuwima zote. Jedwali kuu la picha lina zaidi ya 500, na wewe unahitaji labda kumi. Anza na mistari 10 ya majaribio, uione kwa macho, ndipo uombe yote. Swali likiwa kubwa, fungua akaunti ya CasJobs, ni bure: swali lako linasubiri foleni huko huko, matokeo yanakaa kwenye nafasi yako kwenye seva, wewe unapakua mwisho tu. Ukikatikiwa umeme Dar es Salaam, kazi kule inaendelea. Kingine, galaksi kubwa zilizo karibu nasi hukatwakatwa na programu ya uchakataji, na madoa ya buluu kwenye mikono yake yanaorodheshwa kama galaksi zinazojitegemea. Niliyakuta kadhaa kwa sababu moja tu, nilizitazama picha. Takwimu zilikuwa haziyaonyeshi.

Na kipimo. Mara ya kwanza niliziomba picha zote kwa kipimo kimoja, sekunde 0.396 za tao kwa pikseli. Galaksi ndogo zikawa vidoa, kubwa zikamwagika nje ya picha. Galaxy Zoo 2 walipima kwa kufuata ukubwa wa galaksi yenyewe: walichukua nusu kipenyo kinachobeba asilimia 90 ya mwanga wake, wakakizidisha kwa 0.02 kupata kipimo cha pikseli moja, picha ikiwa pikseli 424 kwa 424. Nikaiga, na kwa mara ya kwanza niliweza kulinganisha upau na upau. Lakini kumbuka JPEG ni ya kutazama umbo. Mwanga wake umekunjwa na kuvutwa ili upendeze machoni. Rangi na mng'ao nilivipima kwenye FITS, na kwa kuwa nilishachuja kwa JPEG, nilihitaji fremu za galaksi 312 tu. Zilienea kwenye gigabaiti 3 hivi.

Msimamizi wangu ndiye aliyenisimulia habari ya Jim Gray, mtaalamu wa kanzidata aliyepata Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, mwaka 1998. Yeye na Alexander Szalay wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins ndio waliosimamia ujenzi wa SkyServer, iliyofunguliwa mwaka 2001. Gray hakuanza kwa kuuliza data ni kubwa kiasi gani. Aliwaomba wanaanga wamwandikie maswali 20 wanayotaka data iyajibu, na kanzidata ikasanifiwa kwa maswali hayo. "Wewe yako yako wapi?" Dokta akaniuliza. Nikaenda kuyaandika. Nilipata saba. Kwenye saba hayo, matano hayakuhitaji picha hata moja, yalihitaji jedwali tu.

Siku hizi kazi yangu naipanga hivi. Kuna folda inaitwa ghafi, na ndani yake faili haliguswi, halibadilishwi jina, halikatwi. Nimelifunga lisiandikike. Fremu zimo kwenye folda za mpito na safu ya kamera kama zilivyo kwenye hifadhi ya SDSS yenyewe, maana wao walishafikiria mpangilio huo kwa miaka mingi na mimi sina sababu ya kubuni wangu. Vipande vya JPEG vinaitwa kwa objID, tarakimu zote 19. Picha zilizokatwa au kupunguzwa zinakaa folda ya kazi, na hiyo naweza kuifuta yote kesho bila hofu. Juu ya yote kuna jedwali moja mama: objID, RA, Dec, toleo la data, kipimo, kichujio, tarehe niliyopakua. Na pembeni faili la maandishi lenye kila swali la SQL nililotuma, neno kwa neno, pamoja na tarehe. Hilo la mwisho ndilo dogo kuliko yote na ndilo ningelichukua nyumba ikishika moto. Nakala moja iko kwenye diski ya nje inayokaa kwa mama, si kwangu.

Maelezo ya picha 1,100 niliyaandika upya kutoka mwanzo. Yalichukua wiki sita. Kuna jioni nilitaka kuacha shule, nasema ukweli, na mama alinikalisha jikoni akanipa chai bila kuniuliza kitu.

Namba 214 nayo haikuniacha. Kila picha niliyoipakua upya ilikuwa na jina lake kamili, lakini ile ya zamani ilikuwa mojawapo kati ya 5,000, na sikuwa na ujuzi wa kuandika programu ya kuzilinganisha. Mdogo wangu, yuko kidato cha tatu, alikuja likizo ya Juni. Nikaichapisha ile ya zamani, nikaibandika juu ya meza, tukakaa naye jioni mbili tukipitisha picha mpya kwenye skrini, ishirini ishirini. Jioni ya pili, mimi nilishakuwa nasinzia, akanigusa bega.

"Dada, simama hapo. Rudi nyuma. Hii si ile yenye nyota mbili?"

Ilikuwa imezungushwa, kwa sababu kwenye wasilisho niliigeuza ili upau ulale sawa. Nyota mbili sasa zilikuwa juu kushoto. Upau uleule, mikono ileile. Chini yake jina la faili, tarakimu 19. Nikampigia Dokta papo hapo, ilikuwa saa tatu usiku, nikaomba radhi kwa muda. Akasema subiri nichukue kalamu. Nikamsomea tarakimu moja moja, akawa anazirudia, na zile nne za mwisho akanitaka nizisome mara mbili.